Mkongwe astaafu lini? Usiulize umri, uliza anapona kwa siku ngapi

Julai 12, 2024, katika uwanja wa Lord's jijini London, mrushaji wa timu ya taifa ya England, James Anderson, alicheza siku yake ya mwisho ya kriketi ya kimataifa. Zilikuwa zimebaki siku 18 atimize miaka 42. Alianza kucheza mechi za Test mwaka 2003 kwenye uwanja huohuo, kijana wa miaka 20, na akaondoka akiwa na wiketi 704. Hakuna mrushaji wa kasi mwingine aliyewahi kufika huko. Asubuhi ile mpira ulipigwa ukarudi mikononi mwake, akashindwa kuudaka. Angeudaka, ungekuwa wa 705. Mechi ilipokwisha, watu walisimama kumpigia makofi vilevile.

Huenda hukusikia kwamba si yeye aliyechagua siku hiyo. Miezi michache kabla, viongozi wa timu walikaa naye wakamweleza kwamba wanatazama mbele na wanataka kuwapa nafasi warushaji vijana. Mwaka mmoja nyuma, mwenzake wa miaka mingi, Stuart Broad, aliondoka kwa namna nyingine kabisa: alitangaza mwenyewe katikati ya mechi ya mwisho dhidi ya Australia, akiwa na miaka 37, na mpira wake wa mwisho kuurusha ukampatia wiketi ya 604.

Kama hujawahi kutazama kriketi, usifunge gazeti. Sikuja kukueleza kanuni za mchezo. Nimekuja na swali ambalo wachezaji hawa wanaulizwa hadharani, na ambalo wewe au mzazi wako mnaulizana chinichini nyumbani: mwili uliofanya kazi ngumu miaka 20 uambiwe lini kwamba basi? Baba mwenye goti linalovimba kila jioni anayeendelea kupanda jukwaa la ujenzi. Mama anayesimama mbele ya jiko la mkaa tangu alfajiri, kiuno kinamuuma, na akiambiwa apumzike anajibu kwamba wateja hawapumziki. Nao wamo kwenye swali hili.

Wapenzi wa michezo wana jibu lao, na umelisikia kwenye soka pia: mchezaji atundike daluga akiwa bado juu, kabla hajaanza kuchekwa. Mimi jibu hilo silipendi. Linalinda macho yetu sisi watazamaji, tubaki na kumbukumbu nzuri. Afya ya mchezaji haimo ndani yake. Na wale wanaohesabu umri, kwamba akifika 35 aende, hawana tofauti na yule anayeona mvi kichwani kwa mgonjwa na kumwambia kila kinachomuuma ni uzee.

Mwili hauzeeki siku moja, wala hauzeeki wote kwa pamoja. Kinachotangulia ni kasi. Misuli yetu ina nyuzi za polepole zinazohimili kazi ndefu, na nyuzi za haraka tunazotumia kuruka, kukurupuka mbio na kurusha kitu kwa nguvu. Kuanzia miaka ya thelathini hivi, misuli huanza kupungua, na nyuzi za haraka ndizo zinazoumia zaidi. Mazoezi yanachelewesha mwendo huo, hayausimamishi. Kano, yaani zile kamba zinazoshikiza msuli kwenye mfupa, nazo hupoteza unyumbufu na huchelewa kupona zikijeruhiwa. Ndiyo maana mara nyingi utaona mkongwe hajagongwa na mtu: anakimbia mwenyewe, ghafla anashika nyuma ya paja au kigimbi, anachechemea kutoka nje.

Kwa mpigaji kuna jambo jingine. Mpira unaorushwa kwa mwendo wa kilomita 140 kwa saa unamfikia kwa takriban nusu sekunde. Ndani ya muda huo auone, aamue, asogeze mguu, azungushe gongo. Wepesi huo hupungua kidogo kidogo umri unavyopanda. Lakini mkongwe ana silaha ambayo kijana hana: ameona mipira mingi mno. Anausoma mkono wa mrushaji kabla mpira haujatoka. Uzoefu unalipa deni la kasi, na unaweza kulilipa kwa miaka mingi.

Mtazame Misbah-ul-Haq wa Pakistan. Alipewa unahodha wa timu ya Test mwaka 2010 akiwa na miaka 36, umri ambao wengi wanaagwa. Julai 2016, akiwa na miaka 42, alipiga mikimbio mia pale Lord's, kisha akalala chini mbele ya umati akapiga pushapu kumi. Aliondoka Mei 2017, siku chache kabla ya kutimiza 43. Jhulan Goswami wa India, mrushaji wa kasi, kazi inayoutesa mwili kuliko zote katika mchezo huu, alicheza kimataifa tangu mwaka 2002 hadi Septemba 2022, akaaga akiwa na miaka 39. Ungewapima kwa cheti cha kuzaliwa, wote wawili ungewaondoa mapema.

Sasa, kama si umri, tupime nini?

Siku ya mechi haikwambii ukweli. Siku hiyo mwili unamwaga homoni za msisimko, umati unashangilia, maumivu yanajificha. Fundi naye akiwa kazini haumwi sana, anaumwa akishuka. Ukweli unakuja kesho yake asubuhi, mtu anapoweka mguu sakafuni. Na kipimo changu, ambacho ningetaka kila mkongwe na kila mgonjwa wa viungo akiandike kwenye daftari, ni hiki: baada ya kazi nzito, inakuchukua siku ngapi kurudi ulivyokuwa? Mwaka juzi ilikuwa siku moja. Mwaka jana mbili. Sasa zinapita nne, na kabla hujarudi sawa unaingia tena kazini. Hapo ndipo pa kusimama na kufikiri, uwe na miaka 29 au 59, kwa sababu jeraha dogo lisilopewa muda wa kupona ndilo linalozaa kubwa.

Ili uone uzito wenyewe, chukua mrushaji wa kasi. Ova moja ni mipira sita. Katika siku ngumu ya Test anaweza kurusha ova 20, yaani mipira 120, na mechi inaweza kwenda siku tano. Kila anaporusha, anakuja mbio, anaruka, na mguu wa mbele unapotua ardhini unapokea nguvu ya mara kadhaa ya uzito wa mwili wake. Wakati huohuo mgongo unapinda nyuma, unakunjika upande na kujizungusha, vyote kwa pamoja. Anderson alirusha mipira zaidi ya 40,000 katika mechi za Test peke yake. Hapo hujahesabu mazoezi.

Aliwezaje, basi, kufika karibu na miaka 42? Hapa ndipo ninapoona somo ambalo hatulisemi vya kutosha kwenye vyumba vya madaktari. Hakuacha. Alipunguza.

Kriketi ya kimataifa ina aina tatu za mechi. Kuna Test, ya siku tano. Kuna ya ova 50, inayochukua siku nzima. Na kuna ya ova 20, inayokwisha kwa saa tatu hivi. Mchezaji anaweza kustaafu moja akabaki na nyingine. Mara ya mwisho Anderson kuichezea England mechi ya ova 50 ilikuwa kwenye Kombe la Dunia la 2015. Baada ya hapo nguvu zote alizielekeza kwenye Test. Agosti 2019 kigimbi kilimuuma baada ya ova nne tu za mechi ya kwanza dhidi ya Australia, na wengi wakasema huyu kwisha, ana miaka 37. Mwaka uliofuata akawa mrushaji wa kasi wa kwanza kufikisha wiketi 600, na Machi 2024 akafikisha 700. Na hata baada ya kuagwa, mwaka 2025 alirudi kuichezea klabu yake ya Lancashire. Timu ya taifa ilikuwa imemaliza naye. Mwili wake ulikuwa bado na kazi ya kiasi chake.

Wengine wengi wamepita njia hiyo, kila mmoja kwa mpangilio wake. Mahendra Singh Dhoni wa India aliacha Test Desemba 2014 katikati ya ziara ya Australia, akaendelea na mechi fupi, na akaaga kabisa Agosti 15, 2020. Virat Kohli na Rohit Sharma waliacha ova 20 baada ya kutwaa Kombe la Dunia Juni 2024, wakaacha Test Mei 2025 wakipishana siku chache, wakabaki na ova 50. Ben Stokes wa England aliacha mechi za ova 50 Julai 2022 akisema wazi kwamba aina zote tatu kwa pamoja zimemshinda. Mwaka uliofuata alirudi kwa ajili ya Kombe la Dunia, na sioni aibu yoyote katika hilo. Kupunguza mzigo si kiapo.

Linganisha na tunavyofanya sisi. Mgonjwa wa goti anaambiwa neno moja: acha. Acha kazi, acha kutembea, acha ngazi. Anatoka pale akijua kwamba hawezi kuacha, maana ada ya shule haiachi, kwa hiyo anaendelea na kila kitu kama zamani. Au anatii kabisa, anakaa kitini, na ndani ya wiki chache misuli ya paja inayolishikilia goti inasinyaa, uzito unapanda, goti linazidi kuuma, presha na sukari vinaanza kusogea. Mwili uliozoea kazi ukisimamishwa ghafla unadhoofika haraka kuliko watu wanavyodhani. Kwa mtu mzima mwenye goti lililolika gegedu, mazoezi ya kiasi ni sehemu ya tiba.

Kwa hiyo ukienda kliniki usiulize tu kama uache. Uliza upunguze nini kwanza. Fundi anaweza kuacha kubeba saruji akabaki na kupima na kusimamia. Mama wa mgahawa anaweza kutafuta stuli ndefu ya kukatia mboga, na ndoo ya lita 20 ikabebwa na mwingine. Mwalimu wa michezo anaweza kuacha kukimbia na wanafunzi akabaki na filimbi. Mtaalamu wa fiziotherapia atakusaidia kupanga hatua hizo vizuri kuliko daktari mwenye foleni ya watu 60 mlangoni, na ukiwa na uwezo wa kumfikia, mfikie.

Dawa za maumivu ni sura yake nyingine. Katika michezo ya kulipwa kuna tabia ya zamani ya kumeza kidonge au kuchomwa sindano ili mechi ipite. Mtaani kwetu inafanana: kidonge cha diklofenaki asubuhi, kazi, kingine jioni, kesho tena, bila mtu yeyote kuandika. Dawa za kundi hilo zikitumika muda mrefu zinaweza kutoboa tumbo na kuharibu figo, na ni hatari zaidi kwa mwenye presha, mwenye kisukari, mwenye tatizo la moyo au mtu wa umri mkubwa. Ukiona huwezi kuanza siku ya kazi bila kidonge, mwili umeshakwambia kitu. Kidonge kinakusaidia usiusikie. Usiache ghafla dawa ulizoandikiwa na daktari. Lakini zile za kujinunulia dukani, zihesabu wiki hii, na idadi hiyo nenda nayo hospitali.

Nije kwenye jambo linalowashika wakongwe wengi, na ambalo halina jina la kitabibu: namba. Sachin Tendulkar wa India alipiga mia yake ya 99 ya kimataifa Machi 12, 2011. Dunia nzima ikaanza kumsubiri ya 100. Ilichukua mwaka mzima na siku nne. Ilipatikana Machi 16, 2012 dhidi ya Bangladesh, katika mechi ambayo India ilifungwa. Kila alipotoka uwanjani bila mia mwaka ule, lilikuwa swali lilelile. Alikuwa na miaka 38, na kiwiko chake kilishawahi kumsumbua sana mwaka 2004. Sisemi alikosea kusubiri. Ni rekodi ambayo hakuna mwingine anayo. Aliacha mechi za ova 50 Desemba 2012, na Test Novemba 2013 nyumbani kwao Mumbai, mechi yake ya 200.

Ninachosema ni kwamba kila mtu ana mia yake ya 100. Nimalize nyumba. Mwanangu wa mwisho amalize chuo. Nifikishe miaka 60 ya kustaafu serikalini nipate mafao kamili. Ni sababu za kweli, na daktari anayezicheka hajui maisha. Lakini mwili haukusaini mkataba huo. Kama namba ni lazima, basi iwe na tarehe, na iwe na mtu mwingine anayeijua, mke, mume au mtoto mkubwa, ili ikipita watu wawe na haki ya kukuuliza.

Kuna pia yule asiyeweza kuondoka kwa sababu nyuma yake hakuna mtu. Jirani zetu Kenya wanamjua Steve Tikolo. Aliwaongoza hadi nusu fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2003, wakacheza na India pale Durban, nchi ndogo ya kriketi ikiwa miongoni mwa nne bora duniani. Alicheza Kombe la Dunia mara tano, kuanzia 1996. Mara ya mwisho ilikuwa 2011, miezi mitatu kabla ya kutimiza miaka 40, na Kenya ilipoteza mechi zake zote sita. Nchi kubwa inaweza kumwita mkongwe ikamwambia tunaye kijana. Nchi ndogo mara nyingi humwambia tafadhali baki kidogo. Hivyo ndivyo ilivyo kwa mlezi wa familia ya watu tisa: anaumwa, kila mmoja anamwonea huruma, na kila mmoja anasubiri hela ya mwisho wa mwezi. Huruma ya namna hiyo haimtibu. Familia inayotaka baba apunguze kazi ianze kwa kukaa chini kupiga hesabu ya nani ataziba pengo gani, hata kama ni kwa elfu kumi, ndipo imwambie apumzike.

Akili nayo huchoka kabla ya miguu, na hili limechelewa sana kukubalika michezoni. Marcus Trescothick wa England aliondoka kwenye ziara ya India mwaka 2006 akiwa bado miongoni mwa wapigaji bora wa timu yake. Mwaka 2008 akastaafu kimataifa kwa sababu ya ugonjwa wa sonona na hofu ya safari ndefu mbali na nyumbani. Aliendelea kuichezea klabu yake ya Somerset kwa zaidi ya miaka kumi. Yaani kriketi haikuwa imemshinda. Kilichomshinda ni aina moja ya maisha ya kriketi. Tena ni kupunguza. AB de Villiers wa Afrika Kusini alipoaga Mei 2018, watu walitafuta jeraha. Alisema amechoka. Neno hilo linatosha, na natamani lingetosha pia kwa mgonjwa wa kwetu anayesema amechoka, anapimwa malaria, inakosekana, na anarudishwa nyumbani.

Kisha inakuja asubuhi ya kwanza baada ya kuacha. Mtu aliyeitwa mchezaji tangu ana miaka 16 anaamka hana mazoezi, hana ratiba, hana wa kumtania. Wastaafu wetu wa bandarini, jeshini na shuleni wanaijua asubuhi hiyo. Katika miezi ya mwanzo angalia usingizi, pombe, hasira zisizo na sababu, na ukimya. Baba aliyekuwa mchangamfu akianza kukaa chumbani mchana kutwa, usiseme anajisikia mzee. Mpeleke akaonwe; sonona inatibika kwa wazee kama inavyotibika kwa vijana. Anderson alipoagwa alibaki na kikosi cha England akiwafundisha warushaji. Wengi wa wakongwe hawapati bahati hiyo, na mtu aliyeondolewa ghafla bila kazi nyingine mkononi ndiye anayehitaji kutembelewa zaidi.

Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba uamuzi ni wa mwenye mwili, na kwa kawaida ni wake. Kuna eneo moja ambalo simwachii: kichwa. Will Pucovski wa Australia alicheza mechi moja tu ya Test, Januari 2021 pale Sydney, akapiga mikimbio 62 mbele ya India. Alikuwa kijana wa kutazamiwa makubwa. Alipigwa na mpira kichwani mara nyingi, akapata mtikisiko wa ubongo zaidi ya mara kumi, na mwaka 2025, akiwa na miaka 27, alistaafu kwa ushauri wa jopo la madaktari. Goti unaweza kuliuza kidogo kidogo ukijua unachouza. Ubongo uliotikisika ndio uleule unaotakiwa kuamua kama urudi uwanjani, kwa hiyo hauwezi kuwa hakimu wa kesi yake. Tangu Agosti 2019 kanuni za kimataifa zinaruhusu mchezaji aliyepata mtikisiko kubadilishwa katikati ya mechi, ili asiwepo mtu wa kusema tutabaki pungufu.

Na hapa nakugeukia wewe mzazi, maana kriketi imeanza kukua kwetu. Timu yetu ya vijana wa chini ya miaka 19 ilifuzu Kombe la Dunia la 2026, na watoto wengi watataka kurusha kama wale kaka zao. Mkongwe mwenye mgongo mbovu mara nyingi alianza kuumia akiwa na miaka 15. Mifupa ya kiuno ya kijana anayekua haijakomaa, na kurusha kwa kasi siku baada ya siku kunaweza kuiweka nyufa ndogo kwenye pingili za chini za uti wa mgongo. Pat Cummins wa Australia aliingia timu ya Test Novemba 2011 akiwa na miaka 18, akachukua wiketi saba kwenye mechi ya kwanza, kisha majeraha, ya mgongo yakiwa mojawapo, yakamweka nje. Mechi yake ya pili ya Test ilikuwa Machi 2017. Leo ni mmoja wa warushaji wakubwa duniani, kwa sababu walikuwepo watu waliokubali kumsubiri zaidi ya miaka mitano.

Bodi za kriketi za Uingereza na Australia zimewawekea watoto warushaji ukomo wa ova kwa siku kulingana na umri. Kocha wa mwanao anapaswa kuwa na utaratibu wa namna hiyo, muulize. Mtoto anayechezea shule, klabu na timu ya mkoa ana makocha watatu, na kila mmoja anahesabu ova zake tu. Wa kujumlisha zote ni wewe. Maumivu ya kiuno upande mmoja, yanayozidi anapojipinda kwenda nyuma, na yasiyokwisha baada ya wiki mbili za kupumzika, si ya kukandwa kwa maji ya moto na kusahaulika. Asirushe tena hadi aonwe na daktari wa mifupa, na mweleze daktari kwamba mtoto ni mrushaji wa kasi, kwa sababu picha ya kawaida ya eksirei inaweza isionyeshe ufa mdogo na itabidi atafute kipimo kingine. Ikithibitika ni ufa, mapumziko huhesabiwa kwa miezi.

Akigongwa kichwani, mechi yake ya siku hiyo imekwisha, hata kama anacheka na kusema yuko sawa. Kofia ngumu hupunguza jeraha, haizuii ubongo kutikisika. Akitapika, akichanganya maneno, akisinzia isivyo kawaida au kichwa kikizidi kuuma, ni hospitali usiku huohuo, usisubiri asubuhi. Na kocha akikupigia simu kesho yake kuuliza kama atacheza fainali ya Jumapili, mjibu wewe. Usimpe mtoto simu.